Dresa wa Temeke na Kitabu cha Walioanguka

Dresa alikuwa akisoma majeraha kama mie ninavyosoma barua. Mwanamke anaingia na kichwa kimefungwa khanga, yeye anaifungua, anatazama mara moja tu, anasema: "Mchi." Au: "Mkanda, upande wa chuma." Au: "Huyu kakupiga kwa mkono wa kushoto. Mumeo ana mashoto?" Dresa hangoji jibu, keshachukua sindano.

Jina lake lilikuwepo kwenye kibao mlangoni lakini jua lilishalifuta, na hakuna aliyelihitaji. Serikali ilimwita dresa kwa sababu kazi yake kwenye makaratasi ilikuwa kufunga vidonda na kugawa kwinini. Daktari mwenyewe, Mzungu, alikuja mara moja kwa mwezi na gari, akatazama choo, akatia saini kitabu, akaondoka. Siku zote zilizobaki daktari wetu alikuwa Dresa, kwenye vyumba viwili vya bati, na benchi moja refu nje ambalo Temeke nzima ilikaa.

Alikuwa mkali. Sisemi hivyo kumchafua, wala sina sababu ya kumpaka asali. Alibandua bandeji kwa mvuto mmoja. Mtu akipiga kelele humwambia, "Kelele ungepiga kule kulikokuumiza, sio hapa kwangu." Neno hilo aliwaambia mpaka wanawake, na mie niliposikia mara ya kwanza nilitaka kumtemea mate. Nilikuwa nimetoka shule ya bweni huko bara, nimemaliza darasa la kumi, nimeletwa kufundisha shule ya wasichana. Nilikuwa na miaka ishirini na hasira za watu watatu.

Alikwenda vitani, Burma, na huko ndiko alikojifunza kushona haraka. Hakupenda kuulizwa habari zake. Mara moja tu nilimsikia akisema, ananawa mikono, hamtazami mtu: "Kule niliwashona waliopigwa risasi. Risasi haikujui. Hapa nawashona waliopigwa na mtu aliyewaposa." Halafu akaita, "Anayefuata!" kana kwamba hakusema kitu.

Siku moja nimekwenda kuomba kwinini ya shule, akaingia kuli wa bandarini, jitu la miraba minne, kidole gumba kimevimba kama mkungu mchanga wa ndizi. Akasema kaumwa na mbwa.

Dresa akakigeuza kidole taratibu. "Mbwa gani huyu mwenye meno mafupi hivi?"

"Mbwa wa jirani, Bwana Dresa."

"Ana pengo hapa mbele."

Sie tuliokuwa kwenye benchi tukatazama chini. Mke wa yule kuli tulimjua, pengo lake tulilijua, na aliyeling'oa lile jino tulimjua pia.

"Basi mbwa mwenye pengo ana sumu kali," Dresa akasema, akachagua sindano nene kuliko zote, akamimina ayodini mpaka ikachuruzika sakafuni. "Tulia, bwana. Hilo jino la kwanza. Bado mengine." Yule mwanamume alilia mpaka mkojo ukamtoka. Tulicheka wiki nzima. Mie nikaamini tumepata mtu wetu.

Jumamosi ile ile nikampita kilabuni. Dresa kakaa na kuli yule yule, wanakunywa pombe kibuyu kimoja, mmoja anampiga mwenzake begani. Nikakaa na jambo hilo kama mwiba. Huyu mtu anawashona wanawake asubuhi, jioni anacheka na waliowapasua! Na si kuli peke yake. Mshirika wake mkubwa wa bao alikuwa shemeji yangu.

Shemeji alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Nilikaa kwake, kwa kuwa mkewe ni dada yangu Zena, mkubwa wangu, aliyenilea. Fundi alikuwa mtu mpole. Hanywi, hatukani, sala hazimpiti. Wazee walimtaja kama mfano. Koti jeupe la kazi la Dresa alilishona yeye, na kola yake ilikaa vizuri kuliko ya Mzungu.

Na Fundi alikuwa akimpiga dada yangu mchana.

Baada ya kula, wateja wamekwenda kupumzika, aliingia ndani na ile fimbo yake ya yadi ya kupimia nguo, ya mninga, iliyovikwa chuma ncha zote mbili. Hakupandisha sauti hata siku moja. Aliuliza swali: "Nani alikuwa anacheka na wewe kisimani?" Kuta za nyumba zile hazifiki juu, kwa hiyo nilisikia yote. Nilisikia fimbo, halafu dada yangu akijizuia, ile sauti ya mtu anayejitwisha mzigo uliomshinda. Mara moja niliingia nikamshika mkono. Akanisukuma ukutani kwa kiganja, kwa adabu kabisa. "Mwalimu, hapa si darasani kwako." Akaendelea mbele ya macho yangu. Alipomaliza alitoka akakaa barazani, na cherehani ikaanza tena, trrrr, mpaka alasiri.

Mara ya kwanza nilipompeleka Zena dispensari, mgongo umechanika sehemu tatu. Dresa akatazama.

"Yadi," akasema.

Nikajua kajua. Fimbo yenyewe kaishika mara ngapi, akicheza bao barazani pale? Akamshona nyuzi kumi na moja, akampa vidonge, akafungua kitabu cha wagonjwa. Kina safu ya jina, ya mtaa, ya ugonjwa, ya sababu, ya dawa. Kwenye sababu akaandika, kwa hati nzuri ya mtu aliyefundishwa na misheni: *Kaanguka ngazini.*

"Ngazi gani?" nikauliza.

"Shika mgonjwa wako uende."

"Bwana Dresa, Temeke hii kuna nyumba gani yenye ngazi?"

"Hakuna. Lakini anayekisoma kitabu ni Mzungu, na kwake ngazi zipo. Haimshangazi."

Nikakivuta kitabu. Hakunizuia. Nikafunua ukurasa, nikafunua mwingine. Ngazini, ngazini, ngazini. Nyumba zetu zote za udongo na makuti, hakuna hata moja ya ghorofa, na wanawake wa Temeke walikuwa wanaporomoka ngazini kila siku isipokuwa Jumapili, dispensari ilipofungwa.

"Wewe mwoga," nikamwambia.

Zena akanifinya. Mtu mzima haambiwi hivyo. Dresa akafunga kitabu, akanieleza kwa sauti ndogo, na nakiri alinieleza vizuri. Akiandika kapigwa, hiyo ni kesi. Kesi inataka cheti cha polisi kwanza, na bila cheti haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Kituo kiko mjini. Mwaka wake wa kwanza aliandika kweli. Akaja mwanamke wa Yombo, tumbo limepigwa mateke, akamwandikia kapigwa, akamtuma akalete cheti. Walimkuta amekaa chini ya mkorosho njiani, kafa, viatu kavishika mkononi.

"Tangu hapo," akasema, "wanaanguka."

Nilisikia. Sikuamini. Niliona ni visingizio vya mtu anayeogopa kukosa mshirika wa bao.

Zena alirudi pale mara nne tena. Mara mbili yadi. Mara moja mbavu. Mara moja ilikuwa pasi ya mkaa: Fundi alikuwa ananyoosha kanzu ya bwana harusi, dada yangu akachelewa kuleta maji, akamgusisha ncha ya pasi pajani na kuiacha hapo muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Nilisikia ngozi. Nilisikia na harufu. Dresa akapaka dawa, taya zinamcheza, akaandika: *Kaanguka jikoni.* Jioni yake nikamwona barazani petu, kachutama, anapanga kete. Fundi akasema, "Leo nakula zote." Dresa akasema, "Cheza." Nikapita katikati yao nikapiga ubao teke, kete zikatawanyika mchangani. Fundi akatabasamu. "Msamehe, Dresa. Wasomi hawa." Dresa akaanza kuziokota, moja moja.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Dada yangu alikuwa msusi. Maharusi wa kuanzia Keko mpaka Mtoni walimtaka yeye. Siku hiyo alikwenda kusuka Keko, Fundi hayupo, hakuaga. Aliporudi Fundi alikuwa kwenye meza yake ya kukatia. Akamwambia auweke mkono mezani, ule wa kulia, unaotoka toka. Zena akauweka. Ndiyo, akauweka! Mtu akipigwa miaka sita anaweka. Fundi akasimamisha yadi kama mchi, akaishusha na ncha ya chuma, mara mbili.

Nilitoka shule nikamkuta kakaa sakafuni kaushika mkono kama mtoto mchanga. Nikambeba nusu, akatembea nusu. Benchi la dispensari lilikuwa limejaa. Dresa akaufungua mkono, vifupa vyeupe vinaonekana katikati ya nyama, akavuta pumzi kwa meno. Akachukua beseni na sindano. Mie nikaweka kiganja juu ya kitabu.

"Leo andika kweli."

"Toa mkono."

"Andika kapigwa na mumewe! Andika kapigwa na mwenzio wa bao!" Nilikuwa napiga kelele, benchi zima limegeuka. "Kila unapoandika kaanguka unampa Fundi fimbo nyingine. Nyie mnampiga wawili!"

"Binti, ngoja nishone kwanza."

"Andika kwanza!"

Zena akasema, "Mdogo wangu, acha." Sikuacha.

Dresa akaitua sindano. Uso wake ulibadilika, ukawa kama mlango uliofungwa. Akavuta kitabu, akaandika, akanigeuzia nisome: *Kapigwa na mume. Yadi.* Halafu akaufunga ule mkono na shashi kavu, juu juu tu, akanawa.

"Haya. Kalete cheti."

"Mshone kwanza!"

"Kitabu kimesema. Mwenyewe umetaka kiseme. Anayefuata!"

Tulimpakia kwenye mkokoteni wa muuza madafu tukapita Chang'ombe, jua la saa nane, damu inadondoka kwenye maganda. Kituoni askari wa zamu akauliza mume yuko wapi aje naye aeleze. Anayeandika vyeti katoka, njooni kesho. Kesho yake akasema, huyu si wa eneo letu, mna barua ya jumbe wenu? Tulilala kwa shangazi, Kariakoo. Siku ya tatu cheti kikatoka, kijikaratasi kidogo kuliko kiganja, tukaenda nacho hospitali kubwa. Mkono ulishaanza kunuka. Wakamkata vidole viwili, cha shahada na cha kati, vile vya kushikia nywele.

Zena hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alitazama bandeji akasema, "Sasa nitasuka vipi?" akiniuliza kweli, kama mie mwalimu ninajua.

Hakurudi kwa Fundi. Alikaa kwa shangazi, na mie nikampelekea hakimu wa baraza mashtaka ya kuomba talaka. Fundi akaja kwa shangazi kabla ya siku ya kesi. Kavaa kanzu safi. Alisimama ukumbini, akamwamkia shangazi shikamoo, kisha akamwambia dada yangu kwa ile sauti yake ya chini: "Umebakiza vinane, Zena. Twende nyumbani."

Hapo ndipo nilipojua kwamba baraza likimrudisha, tutamzika.

Barazani Fundi alizungumza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Akasema mkewe ana kizunguzungu, maradhi ya ukoo. Akasema hataki kumwaibisha, lakini kitabu cha serikali kipo, kiletwe. Kikaletwa. Karani akasoma: ngazini, ngazini, ngazini, jikoni, ngazini. Hakimu akauliza, na hii ya mwisho, inayosema kapigwa?

"Mheshimiwa," Fundi akasema, "siku hiyo shemeji yangu hapa alimlazimisha Dresa aandike. Benchi zima walisikia akipiga kelele. Kweli au uongo, Mwalimu?"

Kweli. Nilisimama nikasema ni kweli. Andiko moja tu la kweli katika kitabu kizima, na mie ndiye niliyeliharibu.

Wakamwita Dresa. Aliingia na koti lake jeupe, lile lile. Hakunitazama mie, hakumtazama Fundi.

"Umeandika mwanamke huyu kaanguka ngazini mara nne," hakimu akasema. "Nyumba ya Fundi ina ngazi?"

"Haina."

"Temeke kuna nyumba gani yenye ngazi?"

"Hakuna hata moja, Bwana Hakimu. Ya kupandia dari la msikiti, labda."

Ua mzima ukacheka. Wanaume walijaa mpaka kwenye ua wa makuti. Dresa akangoja wamalize.

"Hakuanguka," akasema. "Niliandika uongo ili niruhusiwe kumshona."

"Unajua unachosema? Kitabu ni cha serikali."

"Najua. Naomba nikishike."

Akakishika. Akaweka kidole kwenye mstari. "Huyu dada, hii yadi. Hii yadi. Na hii yadi. Hii mbavu, teke, kisha yadi. Hii pasi ya mkaa, na alama yake bado iko pajani, mtume mwanamke mtu mzima akaangalie." Fundi alitaka kusema, hakimu akamnyamazisha. Dresa akafunua ukurasa. Nikadhani kamaliza. Hakumaliza. "Huyu wa mtaa wa kisimani, mchi. Huyu mkanda. Huyu maji ya moto. Huyu kang'olewa jino kwa koleo, nikaandika kaanguka kisimani. Huyu alimuuma mumewe, basi akakatwa sikio."

Kicheko kilikwisha. Wanaume wakaanza kutazama miguu yao. Hakutaja jina la mtu, lakini mtaa na silaha vilitosha, kila mtu alijua nani anapiga na nini.

"Inatosha, Dresa," hakimu akasema.

"Huyu mimba ya miezi saba, mguu wa kitanda."

"Nimesema inatosha."

Akafunua ukurasa mwingine. Mmoja wa wale wazee wawili wanaokaa na hakimu akasimama, kilemba kinamtikisika, akapiga meza: "Kifunge kitabu hicho!" Tukajua wote ukurasa uliofunuliwa ni wa nyumba ya nani. Dresa akamtazama mzee yule. Akakifunga.

Dada yangu alipata talaka yake siku ile. Alitoka barazani kaushika mkono wake wenye vidole vitatu kifuani, anatembea haraka kama anayeogopa kuitwa nyuma. Mie nilikuwa nacheka na kulia. Sikumtafuta Dresa kumshukuru. Nilijiambia nitakwenda kesho.

Wanaume wale hawakungoja kesho. Walimvizia njiani saa kumi ya alasiri, jua linawaka, na watu walikuwepo, na hakuna aliyeona. Walikuwa wengi. Wengine ni wale wale wa kilabuni. Walimvunja taya, wakampasua juu ya jicho, wakamvua lile koti na kulikanyagia matopeni. Alijikokota mpaka dispensari akafunga mlango kwa ndani, akajishona nyusi mwenyewe mbele ya kioo. Mie nilikiona kitabu baadaye. Mstari wa mwisho kwa hati yake, jina lake, mtaa wake, ugonjwa: jeraha la uso, na taya. Sababu: *Kaanguka ngazini.* Cheti cha polisi hakikuhitajika.

Mwezi haukwisha, serikali ikamfukuza kwa kuandika uongo.

Akaja dresa mpya, kijana, koti jipya, mwenye sheria zake. Kitabu chake kikawa safi. Nilikisoma, nikatafuta neno ngazi sikuliona. Kapigwa, aletwe cheti. Kapigwa, aletwe cheti. Safu ya dawa tupu. Baada ya miezi michache hata hayo yakapungua, maana wanawake waliacha kwenda, wakawa wanakaa na vidonda vyao ndani. Rehema wa nyuma ya kisima alikufa kwa kidonda cha kichwa kidogo kama ukucha. Nilikuwa nimempata dada yangu. Sikuweza kujidanganya kuhusu aliyelipa.

Miaka minne baadaye nilihamishiwa shule ya Kinondoni. Ilikuwa bado shamba shamba wakati ule, nyumba moja hapa, nyumba kule. Wanawake wa huko walikuwa na desturi nikaiona: mwenye kidonda anapita nyuma ya nyumba fulani, kwenye mlango wa uani, na ndoo kichwani kana kwamba anakwenda kuteka maji. Sikuuliza, mishono yao niliitambua. Jumamosi moja asubuhi nikapita na mie.

Alikuwa kakaa kwenye kibao cha mbuzi anachemsha sindano kwenye sufuria. Taya limekwenda upande. Kovu la nyusi limeshonwa vizuri, nyuzi sita, sawasawa.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba." Alinitazama kidogo. "Kumbe Mwalimu. Bado hujaolewa?"

"Bado."

"Wamekuogopa. Wana akili." Akakoroga sufuria. "Dada yako?"

"Yuko Bagamoyo. Anauza vitumbua. Kasema hataki kusikia cherehani maisha yake."

Akacheka kwa lile taya bovu, nikaona linamuuma. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, ya shukrani na ya kuomba radhi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Siku ile ya mkono wake," akasema. "Ningeweza kumshona. Kuandika nilishaandika, lakini nani angekuja kuangalia? Ningeshona, nikakwambia kalete cheti kesho. Nilikasirika tu. Uliniumbua mbele ya benchi, nikataka uumie. Ukaumia kwa vidole vya mwenzio."

"Mie ndiye niliyesema andika kwanza."

"Wewe ulikuwa mtoto. Mie nilikuwa nimeshika sindano."

Hatukuendelea, kwa sababu mlango wa uani ulisukumwa na akaingia mwanamke bila ndoo. Alikuwa mama wa mmoja wa wanafunzi wangu, msichana wa darasa la pili anayekaa mbele. Khanga yake nzima kuanzia shingoni ilikuwa nyekundu, na sikio limening'inia kwa ngozi ya chini tu. Alikuwa anahema.

"Anakuja nyuma yangu," akasema.

Dresa alishamkalisha. "Na nini?"

"Spana ya lori."

"Mwalimu, funga mlango."

Ulikuwa mlango wa mabati ya madebe, hauna komeo. Nikausukuma, nikausikia unarudi. Basi nikatoka nje, nikasimama mbele yake, mgongo kwenye bati. Mumewe alikuwa anaukata uwanja kwa hatua ndefu, dereva yule, namfahamu, hunisalimia kila anapomleta mtoto. Spana iliyo mkononi mwake ndefu kama mkono wangu, na nywele zimegandia kwenye ncha. Akapunguza mwendo aliponiona.

"Mwalimu! Habari za shule. Pisha kidogo, naomba."

"Nzuri. Sipishi."

"Haya ni ya nyumbani kwangu, Mwalimu. Hayakuhusu."

"Najua."

Nyuma yangu nikamsikia yule mama akiuma kitambaa. Dresa hakumkemea. Nikamsikia akisema naye pole pole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia Temeke, "Vizuri, mama. Vizuri hivyo hivyo."

Dereva akasogea mpaka nikasikia jasho lake na petroli. Akainua spana, akaiweka begani mwangu, akaitua tu, nipate kuujua uzito wake. Wanawake wawili waliokuwa wanatwanga uwanja wa pili waliacha kutwanga. Mmoja akaanza kuja na mchi wake. Mwenzie akamfuata.

"Nitakupasua, Mwalimu. Wallahi nitakupasua."

Nikageuza kichwa kidogo tu, bila kumwondolea macho.

"Bwana Dresa! Bado nyingi?"

"Nyuzi tisa," akajibu kutoka ndani.

"Shona," nikasema.